AYA NDEFU KULIKO ZOTE, NA TAA ILIYOZIMIKA NJIA YA MADRASA



Ndugu zangu katika imani, leo naomba mnivumilie. Nataka kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu tukilisikia tunapiga miayo: bajeti ya halmashauri, vikao vya madiwani, na hesabu za mapato na matumizi. Najua mtu atasema, "Sheikhe, haya ni ya wanasiasa." Soma mpaka mwisho kisha utahukumu.

Miezi michache iliyopita mtoto wetu mmoja wa madrasa aligongwa na bodaboda baada ya Isha, kwenye kona iliyo karibu na msikiti. Taa za pale zilikuwa zimezimika muda mrefu. Alivunjika mguu. Kijana wa bodaboda mwenyewe alikaa chini analia: "Wallahi sheikhe, sikumuona." Na mimi namsadiki, kwa sababu giza lile nalijua.

Tukafanya tuliyoyazoea. Tukachanga fedha za hospitali, tukaomba dua, na Ijumaa nikapanda mimbari nikakhutubu juu ya subira. Baada ya swala akanifuata mama mmoja mtu mzima, bibi yake mtoto. Akaniambia, "Sheikhe, ya subira tumesikia. Na taa je?"

Sikuwa na jawabu. Na makala hii ni jawabu langu kwa mama yule, limechelewa.

AYA NDEFU KULIKO ZOTE

Nikuulize swali. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an inazungumzia nini? Si swala, wala funga, wala Hija. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqarah, na inazungumzia kuandikiana madeni: pawepo mwandishi muadilifu, pawepo mashahidi, na watu wasichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa.

Tafakari hapo. Mola wetu aliyeumba mbingu na ardhi ameipa daftari la hesabu aya ndefu kuliko zote. Sisi tunasema hesabu ni mambo ya dunia, hayatuhusu!

Na Nabii Yusuf (alayhi salaam) alipoomba kusimamia hazina za Misri, alitaja sifa mbili: kuhifadhi na kujua. Uaminifu peke yake hautoshi. Mtu anaweza kuwa mwaminifu na asijue kusoma mizania, akatiwa mfukoni na mjanja mmoja.

TUMEKWENDA, TUMEKUTA NINI?

Mimi na wazee wawili wa msikiti tulikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, tumejiandaa kulaumu. Tukaomba kuona mihtasari ya mikutano. Wallahi, tuliona aibu. Habari ya taa haikuwa imeandikwa popote. Hakuna mtu aliyeisema katika mkutano wa mtaa hata siku moja. Mahudhurio yenyewe machache, na katika kamati yetu ya msikiti hakuna hata mmoja aliyekwenda.

Tumelalamika barazani, kwenye kahawa na kwenye makundi ya WhatsApp. Pale panapoandikwa, hatukuwepo.

Kisha tukajifunza namna mambo yanavyokwenda, na nataka nawe ujue. Mwaka wa fedha Tanzania unaanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo, mahitaji yanatakiwa yaanzie mtaani, yapande kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha yafike kwenye kamati za halmashauri na Baraza la Madiwani. Mikutano ya baraza iko wazi, mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Ukienda mwezi Julai kuomba taa, umekwenda kwenye shughuli wakati masufuria yameshaoshwa.

Jambo la pili: ujue mlango wa kubisha. Tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, na barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Kwa hiyo unaweza kumlaumu diwani mwaka mzima, naye akakwambia "hiyo si yangu," na akawa amesema kweli. Lakini kusema kweli hakumwondolei wajibu wa kulipeleka jambo lako kwa mwenyewe, na kukuletea majibu.

"SHEIKHE, HIYO NI QADAR"

Wapo walioniambia hivyo. Nawajibu: Umar ibn al-Khattab (radhiyallahu anhu) alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, aligeuza msafara. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Maana ya jawabu la Umar ni kwamba anatoka kwenye qadar ya Allah kwenda kwenye qadar ya Allah. Giza ni qadar, na taa nayo ni qadar.

Na ni Umar huyu huyu ambaye imesimuliwa kwamba alihofia baghala akijikwaa kule Iraq, yeye akiwa Madina, Allah angemuuliza kwa nini hakumtengenezea njia. Huyo ni mnyama. Mtoto aliyebeba juzuu yake mkononi je?

Mtume (swallallahu alayhi wasallam) ametufundisha kuwa kuondoa chenye kudhuru njiani ni katika matawi ya imani. Tukisikia hadithi hii tunafikiria mwiba na jiwe. Shimo lisilo na mfuniko ni mwiba. Mtaro ulioziba ni mwiba. Kona isiyo na taa ni mwiba. Na soko lisilo na njia ya gari la zimamoto ni mwiba mkubwa zaidi. Tuliliona Soko la Kariakoo likiungua Julai 2021. Tukaona jengo likiporomoka hapo hapo Kariakoo Novemba 2024, na roho za watu zikapotea. Usalama huanza kwenye kibali, kwenye ukaguzi, na kwenye fungu la fedha lililotengwa na likatumika kwa kazi yake.

NA SISI JE?

Hapa nitasema yatakayowaudhi baadhi yenu, nami nimo.

Mfanyabiashara anayemwambia mkusanya ushuru "chukua hii, risiti acha," huyo anashiriki kuzima taa. Na anayeipokea pia. Mnaijua hadithi ya Ibn al-Lutbiyya iliyo katika Bukhari na Muslim. Alitumwa kukusanya zaka, akarudi akagawa mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume akakasirika, akasimama mbele ya watu akauliza, kwa nini hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi ingemfuata?

Kuna ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii haina riba. Haina riba, Waislamu! Kila siku tunalia kwamba riba imetuzunguka. Lakini ripoti za CAG zimeonyesha fedha nyingi hazikurejeshwa, na mwaka 2023 Serikali ikasimamisha utoaji ili kupanga utaratibu upya. Kundi linakopa, linagawana, linavunjika. Wanasema "hela ya serikali haina mwenyewe." Ina mwenyewe. Ni dada yako anayesubiri zamu yake. Na deni litakusubiri kaburini.

TUFANYE NINI?

1. Kila msikiti uteue watu wawili, mwanamume na mwanamke, wahudhurie mkutano wa mtaa na kuleta taarifa.
2. Andikeni barua, igongwe muhuri, mbaki na nakala. Hiyo ndiyo aya ya 282 kwa vitendo.
3. Ripoti ya CAG hutoka kila mwaka. Someni sehemu ya halmashauri yenu, mumuulize diwani kwa adabu, kwa hoja, bila matusi.
4. Dai risiti. Rejesha mkopo.
5. Hifadhi namba 114 ya Zimamoto kwenye simu yako leo.

Wala tusiulizane diwani ni wa chama gani. Taa haina chama, na giza halichagui dini ya mpita njia.

Ndugu zangu, taa yetu bado haijawaka. Barua imepokelewa, nakala iko mtoni mwa msikiti, na tutarudi kuulizia. Mtoto ameanza kutembea kwa magongo, alhamdulillah, na amerudi madrasa. Bibi yake humsindikiza na tochi.

Kila nikiiona tochi ile, najua ni nani anayefanya kazi yetu.

Allah awape waliopewa amana zetu uaminifu na ujuzi, na atupe sisi ujasiri wa kuuliza na haya ya kutoiba. Aamin.

Ukiona kuna faida, mfikishie mwenzako.