Neno la Mhariri: Barazani na Uani

Mwanafunzi wa baiolojia akiulizwa kipokezi cha neva ni nini, hujibu haraka: ni protini inayopokea kemikali iliyotumwa na seli jirani. Kasema kweli, ila kasahau anwani: mahali kipokezi kinapokaa. Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya anwani hiyo.

Sinapsi, yaani mahali seli mbili za neva zinapopashana ujumbe, jina lililoanzishwa mwaka 1897 na Charles Sherrington, ina mwanya wa takriban nanomita 20 tu. Ungedhani katika nafasi finyu namna hiyo vipokezi vyote husikia sawa. La hasha. Vile vya AMPA hukusanyika mkabala na pale glutamati, kemikali ya ujumbe, inapomwagwa, vikapata habari kufumba na kufumbua. Aina nyingine, mGluR1, ilitiwa alama za chembe za dhahabu na kutazamwa kwa hadubini ya elektroni. Mwaka 1993 Agnès Baude, Peter Somogyi na wenzao wakaeleza kwamba imejipanga pembezoni mwa sinapsi. Nyumba zetu za pwani ndivyo zilivyo: aliyeketi barazani husikia kila salamu ya mpita njia, aliye uani husikia sauti ikipazwa. Kipokezi cha pembezoni nacho huamka glutamati ikifurika.

Kinachonishika zaidi ni NMDA, kipokezi kingine cha glutamati. Mwaka 2002 Giles Hardingham, Hilmar Bading na mwenzao walionyesha, kwa neva zilizokuzwa maabarani, kwamba kalsiamu ikiingia kupitia vipokezi vya NMDA vya ndani ya sinapsi huisaidia seli kuishi. Ikipitia vya nje, huisukuma kufa. Wataalamu wanabishana kama mpaka huo ni mkali kiasi hicho, maana vipokezi hutembea juu ya utando wa seli, vikaingia sinapsi na kutoka. Kwangu mimi, ubishi huo unalikuza swali la anwani. Kiharusi kinapompata mtu, glutamati humwagika ovyo hadi nje ya sinapsi. Dawa za kuziba NMDA zilijaribiwa kwa wagonjwa hao, zikashindwa. Na dawa inayoziba bila kuchagua mahali huzima hata kile kinacholinda.

Walimu, nawasihi: mkichora sinapsi ubaoni, msivipange vipokezi safu moja ng'ambo ya mwanya mkaishia hapo. Choreni vingine pembeni, na vingine kwenye seli ileile inayotuma ujumbe. Huko ndiko kinakokaa CB1, kipokezi kinachoshikwa na bangi.