Ni Maneno ya Nani Kinywani mwa Mtoto?

Mwanachuo afikapo shule ya mazoezi, mara nyingi kazi ya kwanza apewayo nje ya ratiba ni kuwaandaa watoto kwa ngonjera ya mgeni rasmi. Huitunga yeye mwenyewe usiku, watoto huikariri, kisha hupigiwa makofi. Sisi twauliza: mtoto amejifunza nini?

Ngonjera si jambo la kubezwa. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni ili taifa lirudishiwe heshima ya mila zake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, aliwataka washairi walieneze Azimio hilo kwa watu. Mathias Mnyampala aliitikia kwa ngonjera, yaani mashairi ya kujibizana, nazo zikaingia shuleni. Sera ilitangulia, sanaa ikafuata.

Huko Japani mambo yalikwenda kinyume. Doraemon, paka wa mashine aliyebuniwa na Fujiko F. Fujio, alianza mwishoni mwa 1969 katika majarida ya watoto. Watoto wakampenda kwanza. Serikali ilimteua kuwa balozi wa katuni mwaka 2008. Sera ilikuta kitu kilicho hai tayari. Hatusemi kwamba serikali isiwe na neno katika utamaduni. Twasema kwamba upendo wa mtoto hauji kwa amri.

Hapa Mpanda jambo hili lina uzito wa pekee. Katika darasa moja la mkoa wa Katavi aweza kuketi Mbende, Mpimbwe, Mkonongo na Msukuma, pamoja na mjukuu wa waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakakaa Katumba au Mishamo, ambao wengi wao walipokea vyeti vya uraia kuanzia 2014. Mtoto huyo asemapo "sisi" katika ubeti aliotungiwa, je, neno hilo ni lake?

Kwa hiyo twapendekeza njia hii. Kila mtoto alete kitendawili, mchezo au wimbo wa kwao, aueleze kwa Kiswahili. Kisha wagawanywe wawili wawili wajibizane: mkulima na kiboko wa Mto Katuma, au treni ya Kaliua na lori. Mwalimu asahihishe vina na mizani mwisho, baada ya hoja kukamilika.

Wako watakaosema kwamba muda hautoshi, na kwamba mgeni rasmi ataka ujumbe. Muda ni mchache, kweli. Lakini siku za kukaririsha nazo ni muda. Ama ujumbe, hapana budi tukumbuke kuwa ngonjera ni mabishano. Mtoto asiyeruhusiwa kutoa hoja yake hafanyi ngonjera, bali anabeba mzigo wa mtu mwingine. Akishuka jukwaani, atautua hapo hapo.