Tusisubiri Tuzo Ndipo Tuwapigie Makofi Waandishi Wetu

Tuna tabia moja mbaya katika nchi zetu za Afrika Mashariki: tunampongeza mwandishi baada ya wageni kumpongeza. Abdulrazak Gurnah alipotunukiwa Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, tulianza kubishania uraia wake kabla ya kuvitafuta vitabu vyake.

Ninashikilia kwamba shangwe zetu huja zikiwa zimechelewa. Wakati wake ni siku ile kijana asiyejulikana anapochapishiwa hadithi au shairi lake la kwanza katika jarida dogo lenye wasomaji wachache. Siku hiyo ndiyo anayoamua kama ataendelea kuandika au ataitupa kalamu.

Historia iko upande wangu. Ngũgĩ wa Thiong'o alipokuwa mwanafunzi Makerere, hadithi zake za mwanzo zilichapishwa katika Penpoint, jarida la wanafunzi lililoanzishwa mwaka 1958. Hapa Dar es Salaam, wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa na Darlite. Jijini Nairobi, Kwani? lilianza mwaka 2003, na mwaka huohuo hadithi ya Yvonne Adhiambo Owuor iliyotoka katika toleo lake la kwanza ikashinda Tuzo ya Caine. Tuzo ilikuja baadaye, jarida lilitangulia.

Watawala wanalijua hili kuliko sisi wasomi. Rajat Neogy alianzisha Transition mjini Kampala mwaka 1961. Mwaka 1968 serikali ya Obote ilimtia kizuizini kwa sababu ya yale aliyoyachapisha. Dola lenye jeshi na polisi liliona uzito katika kurasa chache za jarida. Leo kamati zetu za kupandisha vyeo huiona hadithi fupi ya mhadhiri kama burudani ya mwisho wa wiki, ilhali makala yenye tanbihi arobaini kuhusu hadithi ya mtu mwingine huhesabiwa kuwa kazi ya kitaaluma. Tunamlipa mchambuzi na kumdharau mtunzi, kisha tunalalamika kwamba fasihi inadorora!

Wapo wanaosema majarida haya huchapisha kazi changa. Naam, huchapisha. Kazi changa itakomalia wapi kama haina mhariri wa kuikosoa wala msomaji wa kuikataa? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kwa Kiswahili hali ni nzito zaidi, maana majarida niliyoyataja yalisimama hasa juu ya Kiingereza. Zamani washairi wetu, Shaaban Robert akiwemo, walipata nafasi katika Mambo Leo, gazeti la serikali ya kikoloni lililoanza mwaka 1923. Leo tunayo Tuzo ya Safal-Cornell na Tuzo ya Mwalimu Nyerere, na ninazipongeza zote mbili. Lakini anayewania tuzo hizo hupeleka mswada uliokamilika. Kijana wa miaka ishirini atajifunzia wapi kuukamilisha? Tumeandaa ghala la mavuno na kusahau kitalu cha miche.

Kwa hiyo, wahadhiri wenzangu, katika kila muhula tusomeshe walau hadithi moja iliyochapishwa karibuni katika jarida dogo, na mwandishi wake tumwalike darasani. Nanyi watumishi wa umma mnaoshika mafungu ya maktaba na utamaduni, lipieni nakala za majarida hayo. Gharama yake haifikii chai na vitafunwa vya semina moja. Wanafunzi na wanaharakati, nunueni, someni, kosoeni kwa majina ya kazi na kwa hoja. Pongezi ya mtandaoni isiyofuatwa na usomaji haimsaidii mwandishi kitu.

Gurnah mwingine huenda ameshachapisha ukurasa wake wa kwanza mwezi huu. Tumsome sasa, angali jirani yetu.