Moyale Si Utani

Kuna msee hapa Majengo, akitaka kusema kitu kiko mbali sana, anasema, "Hiyo ni Moyale." Kijiwe kizima kinacheka. Mimi niliacha kucheka.

Moyale imekaa juu mlimani, zaidi ya kilomita 700 kutoka hapa, na bonde dogo tu linaitenganisha na Moyale ile nyingine, ya Ethiopia. Waborana, Wagarre, Waburji, wote wana jamaa ng'ambo. Mwaka 1940 Waitaliano waliuteka mji huo kutoka kwa Waingereza. Madola mawili yalipigania mahali ambapo sisi tunapafanya mzaha!

Halafu tunashangaa mtu wa huko akipanda basi kuja Nairobi anasema anaenda "Kenya". Aseme nini? Sheria ya mkoloni ya 1902 iliruhusu wilaya za mbali zifungwe; kuingia au kutoka, kibali. Lami yenyewe kutoka Isiolo imekamilika juzi tu, miaka ya 2010.

Na anayecheka ni Majengo, manze! Mtaa wa miaka ya 1920, ambapo Mwafrika alitembea na kipande shingoni. Mtaa ambapo kijana mwenye jina la Kiislamu ameulizwa kitambulisho cha babu kabla apewe chake. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kuufuta huo msasa. Sisi na watu wa Moyale tulikuwa foleni moja.

Huyo msee wa kijiweni alipata chake akiwa na miaka 24. Jana tena: "Hiyo ni Moyale."