Mnamcheka Anayeuza Mitumba Hosteli, Kesho Mnamkopa

Klipu yenyewe haifiki hata nusu dakika. Mdada wa mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Dar, anapita mlango kwa mlango hosteli. Begi la mgongoni limejaa mitumba, mkononi kashika blauzi tatu kwenye henga. Anagonga, anatabasamu, anataja bei, anasogea mlango wa pili. Aliyerekodi hakuongea kitu. Aliandika tu juu ya video: "Bumu limekata."

Ilivyotua kwenye magrupu ya WhatsApp, komenti zikajiandika zenyewe. "Chuo kimekuwa Karume." "Wazazi wanajua mtoto yuko lekcha." "Mwakani tutamkuta foleni na ndoo ya maji baridi."

Kilichofuata ndicho ambacho hakuna aliyekirekodi. Wiki tatu baadaye, bumu likiwa limekata kweli na limekata kwa wote, yule yule aliyepiga ile video alienda kugonga mlango wa yule mdada usiku. Alikuwa anaomba msimbazi mmoja mpaka hela itoke. Akapewa, bila hata kukumbushwa klipu.

Sasa ishu hapa siyo mitumba. Ishu ni kwamba chuoni kuna njia za kutafuta hela ambazo watu wanazicheka na njia ambazo watu wanazisifia, na zimepangwa kichwa chini miguu juu. Anayeonekana na begi la nguo anaitwa njaa. Anayekesha na simu chini ya shuka akisubiri mkeka utiki anaitwa fundi. Lakini ukiangalia vizuri, njia karibu zote zinazowamaliza wanachuo zinafanana kitu kimoja: mtu anazifanya bila kuonekana.

HESABU YA BUMU HAIDANGANYI

Kabla mtu hajasema "si wanapewa mkopo hao", hesabu iwekwe mezani. Tangu mwaka wa masomo 2022/23, bumu ni shilingi 10,000 kwa siku kutoka 8,500 ya kabla ya hapo. Ni afadhali, hakuna anayebisha. Lakini chai na chapati mbili asubuhi, wali maharage mchana, chipsi yai usiku, kirahisi tu buku saba imeshaondoka, na hapo hakuna soda wala tunda. Inabaki buku tatu ya bando, kutoa kopi, sabuni, na nauli kwa anayekaa geto Kimara au Makongo.

Na hiyo hela inahesabiwa kuwa ya chakula na malazi kwa pamoja. Mwenye nyumba wa mtaani hajui habari za Bodi ya Mikopo. Yeye anataka kodi ya miezi sita mkononi, na maji na umeme ni juu yako. Hapo bado ni yule aliyebahatika kupata mkopo. Aliyekosa anasubiri mzee auze mahindi au mama avunje kibubu.

Halafu kuna shida nyingine ambayo wengi hawapendi kuisema. Bumu haliji kila asubuhi na buku kumi yake. Linakuja kwa mkupuo. Siku 60 za 10,000 ni laki sita. Kijana wa miaka 20 ambaye hajawahi kushika laki sita maishani anaiona kwenye akaunti Ijumaa jioni, na Jumatatu ana raba mpya, ana picha za viwanja vitatu na ana stori za wiki nzima. Wiki ya sita anakula mihogo ya jero mchana na usiku, akiulizwa anasema anapunguza mwili.

Kwa hiyo mwanachuo kutafuta hela ya pembeni siyo tamaa wala siyo ushamba. Swali ni anaitafuta wapi.

HELA YA GIZANI

Wengi wanaanzia kwenye mkeka, kwa sababu mkeka hauna aibu. Hakuna anayekuona ukiweka buku, hakuna anayekuona ukipoteza. Ukishinda unapiga picha ya skrini unaiweka status, ukichanika unanyamaza. Ndiyo maana ukikaa kwenye vimbweta utadhani kila mtu anashinda. Waliochanikiwa hawapostiwi.

Mkeka ukigoma, kuna mikopo ya kwenye simu. Nayo haihitaji kumtazama mtu usoni. Unabonyeza, unaruhusu programu isome namba zako zote, hela inaingia. Siku ya kulipa ikipita, meseji zinaanza kumfikia mama, mjomba, mpaka mwalimu wako wa sekondari, kwamba fulani ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Kuna wanachuo walioijua hiyo orodha kwa sababu walikuwa na madeni kwenye tatu kati yake.

Kuna ile ya grupu la "uwekezaji", weka elfu 50 lete watu wawili. Vijana wanadhani ni teknolojia mpya. Waulizwe wazazi habari za DECI, ule mchezo wa kupanda na kuvuna ambao serikali iliuzima mwaka 2009 watu wakabaki wanalia na risiti. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi hata risiti haipo.

Kuna ya kuwaandikia watu risachi. Hii ndiyo inatembea kimya kuliko zote, na inaheshimiwa kwa sababu anayeifanya anaonekana kipanga. Ukweli ni kwamba anauza kitu ambacho kikikamatwa, muuzaji na mnunuzi wote wanaweza kufungishwa virago. Kumchapia mtu kazi aliyoiandika mwenyewe kwa mkono ni biashara safi. Kumwandikia kazi asiyoijua ni kuuza cheti chako kidogo kidogo.

Na kuna ya sponsa, ambayo siku zote wanasemwa mabinti peke yao utadhani masponsa wanaota kama uyoga. Mrembo fulani wa mjini akipostiwa na gari la kupewa, watu wanajaza komenti za "riziki haina adabu". Mdada wa mitumba anaitwa njaa. Hapa hakuna wa kumhukumu mtu, maisha ya watu ni mazito. Ila hela yenye masharti usiyoweza kuyasema mbele za watu ina shida moja kubwa: siku masharti yakibadilika, huna pa kwenda kulalamika.

KUONEKANA NDIYO MTAJI

Sasa rudi kwa mdada wa klipu. Jumamosi saa 12 asubuhi yuko Karume, Ilala, belo zinapofunguliwa. Anachagua vipande kumi na tano vya buku mbili mbili, jumla elfu 30. Anavifua, anavipiga pasi, na hiyo pasi ndiyo inabadilisha bei. Hosteli anauza buku tano. Vikiisha vyote ana elfu 75; toa mtaji, toa nauli na sabuni, anabaki na kama elfu 40. Vipande viwili vitatu vikidoda anavishusha mpaka bei ya kununulia, na bado hajalia. Hiyo ni wiki moja, na Jumapili jioni yuko kwenye kimbweta na madesa yake kama kila mtu.

Uzuri wa biashara yake siyo faida tu. Ni kwamba watu wanamjua. Anajua nani anavaa saizi gani, nani analipa, nani anasema "nitakutumia" halafu anazima data. Kutembea na begi mlango kwa mlango kumemfundisha masoko kuliko silabasi ya masoko. Asingekubali kuonekana, angekuwa na begi la nguo chini ya kitanda na hasara ya elfu 30.

Hivyo hivyo kwa jamaa mmoja wa uhandisi aliyeanza na mashine ya kunyolea ya mkononi. Mwanzo alinyoa wenzake chumbani kwa buku, wakamwita kinyozi kwa kejeli, na jina likageuka tangazo. Hivyo hivyo kwa binti anayesuka wenzake Jumapili huku wakipitia maswali ya mitihani iliyopita, mikono inasuka midomo inasoma. Yuko anayefundisha tuisheni ya hesabu kwa watoto wa form tu na form foo mtaani kwao. Yuko anayepiga picha za mahafali kwa simu nzuri na jicho zuri. Yuko anayesimamia ukurasa wa Instagram wa duka la Sinza, kwa sababu mwenye duka anajua bidhaa lakini hajui kuandika maneno ya kumfanya mtu aagize.

Hakuna hata mmoja hapo aliyeanza na milioni. Walichonacho wote ni kitu kimoja ambacho bumu hainunui: walikubali kuonekana wadogo kwa muda. Wanachuo wengi wanasema hawana mtaji wakati simu waliyoshika ina thamani ya mtaji wa mitumba wa mwezi mzima. Kinachokosekana ni ujasiri wa kugonga mlango wa mtu anayekujua.

USIPIGE HELA UKAPIGWA SAPU

Lakini wanaosema "chuo kwanza" nao wana hoja, na hoja yao haifai kupuuzwa. Kuna mshikaji mmoja alifungua kibanda cha uwakala wa pesa nje ya geti. Uwakala ni biashara nzuri, ila unataka mtaji wa pande mbili, keshi mkononi na salio kwenye laini, na unataka mtu akae pale kutwa. Akawa anakaa kutwa. Tesiti ya kwanza akaikosa, ya pili akaifanya akiwa anapokea simu za wateja. Kozi weki ikawa majivu, sapu zikawa tatu, na mwaka uliofuata kibanda kikafungwa kwa sababu faida yote ilikuwa imeenda kwenye kulipia kurudia masomo.

Kosa lake halikuwa kufanya biashara. Alichukua biashara inayotaka masaa ambayo yeye hakuwa nayo. Mwanachuo haanzi kuuliza biashara gani inalipa. Anaanza na ratiba ya lekcha, anaangalia matundu yaliyobaki, halafu anatafuta biashara inayoingia kwenye matundu hayo. Mitumba inaingia Jumamosi. Kusuka kunaingia Jumapili. Kupika chumbani hakuingii kabisa, maana hosteli nyingi zinakataza majiko na siku ukikutwa unapoteza jiko na kitanda. Na UE zikikaribia, begi linafungwa. Wateja watasubiri wiki tatu, GPA haisubiri.

Wapo pia wazazi wanaosema, "Hatukukupeleka chuo ukauze nguo." Kauli hii inauma, kwa sababu nyuma yake kuna ng'ombe aliyeuzwa au kiwanja kilichowekwa rehani. Mzazi anaogopa kwamba mtoto akionja hela ataacha shule, na wapo walioacha. Lakini mzazi huyo huyo ajue kwamba siku mwanae akipata ajira atakatwa 15% ya mshahara wa msingi kurudisha mkopo wa Bodi, na asipoipata, deni halifutiki kwa sababu mtu yuko nyumbani. Kijana anayetoka na digrii, wateja 60 kwenye simu na nidhamu ya kuhesabu faida hajaidharau shule. Amejiongezea mguu wa pili wa kusimamia wakati barua za maombi ya kazi zinazunguka.

Kwa hiyo mara nyingine ukimuona mwenzako anapita na begi, na kidole chako kiko kwenye kitufe cha kurekodi, jiulize kwanza nani kati yenu wawili ana hela yenye jina. Yeye anaweza kumwambia mama yake kila shilingi ilikotoka. Wewe mkeka wako unaweza kuusimulia nyumbani?

Na yule mdada? Klipu ilipomfikia aliiangalia mara mbili. Usiku alilia kidogo, hilo rafiki zake wanalijua. Asubuhi akaichukua video ile ile, na maneno yake ya kejeli juu, akaiweka kwenye status yake na kuandika chini: "Mzigo mpya umeingia. Chumba ni kile kile." Ijumaa hiyo begi liliisha kabla hajafika ghorofa ya pili.

Aliyemrekodi hajarudisha ile buku kumi mpaka leo.

Haya, wewe uliye chuo au uliyepita chuo: hela yako ya kwanza ya pembeni ilitoka wapi, na ulikuwa unaificha au unaitangaza? Dondosha komenti yako hapo chini, matusi weka pembeni.