Samaki Aliyelishwa Funza: Ni Haramu, au Ni Kinyaa Chako Tu?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Juzi nilikuwa Idodi, Iringa Vijijini, kwa darsa baada ya swala ya Ijumaa. Watu walipotawanyika, mama mmoja mjane akanisubiri nje. Akaniambia: "Shehe, nina bwawa la sato. Nilikuwa nauza vizuri. Sasa hivi hawanunui, wanasema samaki wangu wanakula funza, kwa hiyo ni haramu. Nilifukie?"

Nikamuuliza: "Aliyesema ni haramu alikupa dalili gani?" Akasema: "Hakunipa, Shehe. Alitema mate tu."

Ndugu yangu unayesoma, kutema mate si dalili. Katika Surat An-Nahl, aya ya 116, Allah ametuonya tusiache ndimi zetu ziseme hiki halali na hiki haramu kwa uongo. Basi tukae tulitazame jambo hili kwa elimu.

KWANZA: Hao funza ni nini? Ni mabuu ya inzi mweusi anayeitwa inzi askari. Si huyu inzi wa chooni anayetua kwenye wali wako. Inzi askari akishakua, karibu hali kitu. Huishi siku chache kwa mafuta aliyojiwekea alipokuwa buu, hutaga mayai mamia, hufa. Mabuu yake hula mabaki: maembe yaliyooza, majani ya mboga, pumba. Ndani ya wiki mbili au tatu yamenenepa. Yakikaushwa, karibu asilimia 40 ya uzito wake ni protini. Chakula ndicho kinachommaliza mfugaji wa samaki, mara nyingi ni zaidi ya nusu ya gharama zake zote. Mama huyu alikuwa ananunua dagaa anawasaga. Alipopata mabuu, akapumua.

PILI: Kula mdudu na kula samaki aliyekula mdudu ni mambo mawili. Wanazuoni wengi, na madhehebu yetu ya Shafii wamo, wanakataza mtu kula funza wenyewe. Lakini nani amekuambia ule funza? Unakula samaki, na mavuwa ya majini Allah ameyahalalisha katika Surat Al-Maidah. Samaki wa Mtera unayemgombania sokoni, unadhani anakula nini kule bwawani? Anakula wadudu. Kuku wako wa kienyeji asubuhi anachakura nini? Mchwa na funza. Mbona mchuzi wake unaulamba mpaka vidole?

TATU: Jambo hili si geni. Imepokelewa katika Bukhari na Muslim kwamba sahaba Abu Musa al-Ash'ari (radhi za Allah ziwe juu yake) aliwekewa nyama ya kuku, na mtu mmoja akajitenga, akieleza kuwa alimwona kuku akila kitu akaingiwa na kinyaa. Abu Musa akamwita asogee, akamweleza kuwa yeye alimwona Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) akila kuku. Tazama ndugu yangu! Kinyaa cha yule bwana kilikuwa cha kweli, wala hakulaumiwa kwa kuwa nacho. Ila hakikugeuzwa kuwa sheria ya watu wote.

NNE: Sasa nawe mfugaji nisikilize, usishangilie mapema. Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) alikataza kula nyama ya jallala, yaani mnyama ambaye chakula chake kikubwa ni najisi. Wanazuoni wakatofautiana: wapo waliosema ni haramu, na wapo, wakiwemo Mashafii, waliosema ni makuruhu iwapo nyama imebadilika harufu au ladha. Dawa yake wameitaja: mnyama afungiwe, alishwe kilicho safi mpaka asafike. Ibn Umar alikuwa akimfungia kuku siku tatu.

Kwa hiyo swali la kweli si "samaki amekula funza?" Swali ni "funza amekula nini?" Ukiyalisha mabuu mabaki ya shamba na jikoni, huna tatizo. Ukiyalisha kinyesi, damu ya machinjioni au mzoga, umejiletea shubha bila sababu. Hata wasio Waislamu wameliona hili: Umoja wa Ulaya uliporuhusu protini ya wadudu katika chakula cha samaki mwaka 2017, ulikataza wadudu hao wasilishwe kinyesi. Jirani zetu Kenya nao waliweka viwango vyao vya wadudu wa chakula cha mifugo mwaka huohuo.

Na hapa nilimuuliza yule mama: "Kabla ya mabuu, bwawa ulikuwa unalirutubisha kwa nini?" Akasema: "Mbolea ya kuku, Shehe, kama wenzangu wote." Subhanallah! Kwa madhehebu yetu kinyesi cha kuku ni najisi. Miaka yote kilitiwa bwawani, hakuna aliyetema mate. Yamekuja mabuu yaliyokula maembe, ndiyo tumekuwa wacha Mungu?

TANO: Pima hasara. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 katika mkoa wetu wa Iringa wamedumaa. Dagaa tunawasaga tuwape samaki, na mtoto anakula ugali na majani. Dagaa akibaki kwenye sahani ya mtoto na funza akaenda kwa samaki, kuna ubaya gani? Na ukimfungia mjane mlango wa riziki kwa fatwa ya mate, utamjibu nini Mola wako?

Nilimwambia yule mama: usifukie bwawa. Lisha mabuu yako kilicho safi, na mnunuzi akikuuliza, mwambie ukweli, usimfiche. Asiyetaka kwa kinyaa, mwache aende kwa amani. Ana haki ya kutokula. Hana haki ya kukuharamishia.

Nikanunua kilo mbili, nikaondoka nao Iringa mjini. Tulikula, alhamdulillah.

Allah atupe elimu yenye manufaa, riziki ya halali na ndimi zenye hofu Naye. Amin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako.