Walungu inatoa bati, funguo za simu zabaki ng'ambo

Kasiteriti inayochimbwa Nzibira, wilayani Walungu, ndiyo inayotoa bati, na bati ndilo linalolehemu vipande vya simu na kompyuta duniani. Simu hizo hurudi Kivu Kusini kuuzwa, nyingi zikiwa zimetumiwa tayari. Siku WhatsApp inapokataa Android ya zamani, simu yenye kioo kizima na betri nzima inageuka takataka. Fundi anataka kuiwekea mfumo mpya, lakini hawezi. Kwa nini?

Simu ikiwashwa, programu ndogo iitwayo butiloda ndiyo inayoamka kwanza na kuita mfumo wenyewe. Kifaa cha USB hujitambulisha kikichomekwa. Lakini vipande vingi vilivyolehemiwa ndani ya simu havijitambulishi. Hivyo kuna faili, tuiite mti wa vifaa, linaloorodhesha kila kipande: jina lake, anwani yake na umeme anaoutegemea. Kila draiva nayo ina orodha ya majina inayoyakubali. Majina yakilingana, kazi inaanza.

Ni kama siku ya kugawa misaada: jina la kwenye kadi likipishana herufi moja na la kwenye orodha, mama anarudi nyumbani mikono mitupu. Draiva nayo haiitwi, na mara nyingi hakuna hata ujumbe wa kosa. Kioo kinabaki cheusi, na fundi anadhani kimekufa.

Linux ilianza kuhamia njia hii kwa simu na vibao vidogo baada ya Linus Torvalds kulalamika mwaka 2011 kuhusu fujo ya kodi za ARM. Leseni ya Linux, GPL toleo la 2, inamdai anayesambaza programu hiyo atoe pia kodi yake. Hata hivyo, baadhi ya watengenezaji hawaitoi, na wengine hufunga butiloda kabisa.

Wapo watakaosema Walungu inahitaji kwanza barabara na umeme. Ni kweli, inavihitaji. Lakini anayenunua simu mpya kila mwaka hahitaji mti wa vifaa; anayeuhitaji ni yule ambaye simu moja lazima imfae miaka kumi.

Serikali inajua kuhesabu simu. Mwaka 2020, kupitia ARPTC, ilileta RAM, raia wakakatwa yuniti hadi ilipofutwa 2022. Nguvu ileile itumike sasa kumdai mwagizaji: hakuna kuuza simu ambayo kodi yake imefichwa.

Vyuo vikuu vya Bukavu navyo visingoje. Mti wa vifaa ni maandishi ya kawaida. Mwanafunzi anaweza kuusoma kwenye kompyuta yoyote, na kodi ya butiloda ya U-Boot ni ya bure. Nchi inayotoa madini isikubali kubaki mnunuzi wa vitu isivyoruhusiwa kuvifungua.